AMANA YA SIKU ZA LIKIZO
Mawaidha kwa akina baba juu ya kuwatembeza watoto katika nchi yao

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Kila sifa njema ni yake Yeye aliyeitandaza ardhi, akaweka juu yake milima na mito na njia, ili viumbe vyake vipate riziki na mazingatio. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila awafuataye kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya haya, enyi ndugu zetu Waislamu wa pwani, khasa nyinyi mliojaaliwa watoto: twakuleteeni maneno machache juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa ni dogo, nalo huenda mbele ya Mwenyezi Mungu likawa kubwa. Jambo lenyewe ni zile siku ambazo watoto wetu hufungiwa skuli.

Kila mwaka mara tatu, mwezi wa Aprili, mwezi wa Agosti na mwisho wa mwaka, milango ya skuli hufungwa, na mtoto hurudishwa kwa mzee wake. Zihesabuni siku hizo. Mtajiona kwamba kwa mwaka mmoja zapindukia miezi miwili. Basi mtoto aanzaye skuli naye ni wa miaka 6 akatoka naye ni wa miaka 18, siku zake za likizo zikikusanywa pamoja ni zaidi ya miaka miwili kamili ya umri wake. Hiyo miaka miwili, ewe ndugu yangu, haimo mkononi mwa mwalimu wa skuli wala mkononi mwa serikali. Imo mkononi mwako wewe. Je, umeifanya nini?

Wengi wetu jawabu yetu ni kunyamaza. Baba huenda dukani au kazini alfajiri na kurudi usiku. Mtoto hulala mpaka jua liwe juu, kisha huinama juu ya simu mpaka macho yamuume. Na akichoka na nyumba hutoka kwenda vijiweni, akafunzwa na wavulana wenzake mambo ambayo baba yake angetoa mali yake yote asifunzwe. Nasi sote twajua jinsi madawa ya kulevya yalivyowamaliza vijana katika miji yetu ya pwani, na aghalabu ya walioangamia hawakuanza kwa uovu, walianza kwa kukaa bure. Mtume wetu (rehema na amani zimshukie) ametufundisha, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, ya kuwa mwanamume ni mchunga wa watu wa nyumba yake naye ataulizwa juu yao. Wala hatukuona kwamba mchunga husamehewa siku za likizo.

Basi shauri letu ni hili: sehemu ya siku hizo, ijapokuwa ni ndogo, mchukueni mtoto mkononi mumtembeze katika nchi yake. Mwonyesheni ardhi aliyozaliwa, athari za babu zake, na watu anaokaa nao, ili amjue Mola wake kwa kuziona ishara zake, ajijue nafsi yake kwa kuwajua waliomtangulia, na amjue jirani yake kwa kufika kwake.

SAFARI NI CHUO

Huenda mtu akadhani kwamba kutembea na kutazama ni mchezo wa watalii, hakuna dini ndani yake. Na arejee Kitabu cha Mola wake. Katika Sura ya al-Ankabut, aya ya 20, Mwenyezi Mungu ameamrisha watu waende katika ardhi watazame jinsi alivyoanza kuumba. Na katika Sura ya al-Hajj, aya ya 46, amewalaumu wale wasiotembea wakapata nyoyo za kufahamu na masikio ya kusikia, na akatujulisha ya kuwa upofu wa hatari ni ule wa moyo ulio kifuani. Zitazameni aya hizi: hazikusema tusome khabari za ardhi tu, zimetaka miguu iende na macho yaone, kisha moyo uzingatie.

Na Mtume wetu mwenyewe alisafirishwa naye ni mtoto. Vitabu vya sira vyaeleza kwamba alipokuwa wa miaka sita mama yake, bibi Amina, alimchukua mpaka Yathrib kuwazuru jamaa zao, naye bibi huyo akafariki njiani wakati wa kurudi, mahali paitwapo al-Abwa. Kisha alipokuwa kijana wa miaka kadiri ya kumi na miwili alifuatana na ami yake Abu Talib katika msafara wa Sham. Na Imam Shafii, ambaye sisi watu wa pwani twaifuata madhehebu yake, alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra. Mama yake, naye ni mjane, akamchukua mtoto mdogo mpaka Makka ili asipoteze nasaba yake na watu wake. Mwanamke asiye na mali alikata jangwa ili mwanawe ajue kwao. Sisi twaona tabu kukata mlango wa bahari.

Zaidi ya hayo ni khabari ya Ibn Abbas (radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie). Alikuwa kijana mdogo, amepanda nyuma ya Mtume juu ya mnyama mmoja, na hapo njiani Mtume akamfunza yale maneno mashuhuri aliyoyapokea Tirmidhi: ya kumhifadhi Mwenyezi Mungu ili naye amhifadhi, na ya kwamba akiomba na amwombe Yeye, na akitaka msaada na autake kwake. Elimu hiyo kubwa ilisomeshwa safarini, mwalimu yuko mbele na mtoto yuko nyuma, na mpaka leo umati wote waisoma. Ni nani kati yetu ajuaye ni neno gani mwanawe atalikumbuka miaka sitini baadaye? Lakini hatalikumbuka neno ambalo hakuambiwa, wala halisemwi neno hilo na baba asiyekuwapo.

YALIYO KARIBU NASI

Anzeni karibu. Wako watu wazima waliozaliwa Mombasa, hupita mbele ya Ngome kila siku, wala hawajaingia ndani yake. Mwingize mwanao. Mwambie ya kuwa kuta hizi zilijengwa na Wareno baina ya 1593 na 1596, nao walitoka mbali wakadhani kwamba hawataondoka. Mwambie kwamba mwaka 1696 ulianza mzingiro uliodumu mpaka mwaka 1698, ndipo ngome ikatwaliwa na watu wa Oman. Na Wareno wakairudia kwa muda mchache tu, mwaka 1728 mpaka 1729. Kisha Waingereza wakaifanya gereza tangu 1895 mpaka 1958, na tangu 1962 ni nyumba ya makumbusho. Mtoto akiyasikia haya hali amegusa mawe kwa mkono wake, atafahamu pasipo hutuba ndefu ya kuwa ufalme ni wa Mwenyezi Mungu, humpa amtakaye na humwondolea amtakaye.

Toka hapo, vuka Mtwapa, mpeleke kwenye magofu ya Jumba la Mtwana ufuoni mwa bahari. Ulikuwa mji wa Waislamu karne ya 14, wala haukukaa sana, yapata miaka mia, ukahamwa. Msikiti wake ungali umesimama kuta zake ukielekea maji, na birika ya kutawadhia ipo. Kando ya msikiti pana kaburi lililochorwa aya ya Sura ya Aali Imran inayokumbusha mauti na malipo ya Kiyama. Msomeshe mwanao aya hiyo hapo hapo. Ameihifadhi chuoni, lakini hajapata kuiona imeandikwa na mkono wa mtu wa kwao aliyekufa zaidi ya miaka mia tano iliyopita.

Mkipata nguvu zaidi, nendeni Gedi, kusini ya Malindi, ndani ya msitu. Hapo pana msikiti mkubwa wa Ijumaa, jumba la mtawala, nyumba za mawe, visima virefu, na makaburi ya nguzo. Na kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Katika nyumba zake vilifukuliwa vyombo vya kauri vilivyotoka Uchina, hata mtoto akajua kwamba babu zake walikuwa wakinunua na kuuza na dunia nzima, wala hawakungoja mtu kuja kuwafumbua macho. Uchimbaji mkubwa wa mahali hapo ulianza mwaka 1948, na mwaka 2024 pakaingizwa katika orodha ya turathi za ulimwengu. Watu wa ulimwengu hukata bahari kuja kupaona. Nasi tulio mwendo wa saa mbili kwa gari twasema hatuna haja napo.

Na mwenye uwezo na afike Lamu, mji uliodumu karne kwa karne watu wake wakiishi katika nyumba zile zile na kusali misikiti ile ile. Na kisiwani Pate, mahali paitwapo Shanga, wachimbaji katika miaka ya 1980 walikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine iliyotangulia, mmoja chini ya mwingine, na ya kale kabisa ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Zingatieni maana yake, ndugu zangu. Babu zetu walipokuwa maskini walijenga msikiti wa miti. Walipopata mali waliubomoa wakajenga ulio bora, mahali pale pale. Tena mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipolala Mombasa usiku mmoja, aliandika ya kuwa watu wake ni wa dini na wema, misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa madhubuti, na mlangoni mwa kila msikiti pana kisima, na atakaye kuingia huosha miguu yake kwanza. Hiyo ndiyo sifa tuliyoandikiwa karibu miaka mia saba iliyopita. Mtoto wetu wa leo ataandikiwa nini?

Angalieni khatari iliyo hapa. Mtoto asiyejua kwao huamini lo lote aambiwalo juu ya kwao. Akija mtu akamwambia kuwa watu wa pwani hawakuwa kitu mpaka walipoletewa ustaarabu, ataamini, naye ataona haya kwa jina lake na nguo yake na dini yake. Na akija mwingine akamwambia kuwa amedhulumiwa na kila jirani, na kwamba dawa yake ni chuki na kumwaga damu, ataamini vile vile. Wote wawili hukuta moyo mtupu wakaujaza. Tumewaona vijana waliopotea kwa mlango wa kwanza, na tumewalilia waliopotea kwa mlango wa pili.

MAJI TUNYWAYO

Baada ya karibu, ya mbali. Na hapa tutataja jambo moja ambalo kila mtu wa Mombasa hulitia kinywani wala halijui.

Baadhi ya maji ya mji huu hutoka katika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo. Mvua hunyesha juu ya vilima vya Chyulu, hunywewa na mawe ya volkano, hupita chini ya ardhi pasipo kuonekana, kisha huchomoza Mzima maji safi kama kioo, viboko na samaki wakiogelea ndani yake. Kutoka hapo mabomba yaliyotandazwa miaka ya 1950 huyaleta pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita mia mbili. Na katika Sura ya al-Zumar, aya ya 21, Mwenyezi Mungu ametutanabahisha kwamba Yeye ndiye ateremshaye maji kutoka mbinguni akayapitisha katika ardhi yakawa chemchemi. Mtoto hujifunza aya hii, na hunywa maji haya, wala hakuna aliyempa kuviunganisha viwili hivyo. Mpelekeni Mzima aione tafsiri yake kwa macho.

Na uko mto Sabaki, umwagikao baharini kaskazini ya Malindi ukaifanya bahari kuwa nyekundu wakati wa mvua. Mto huo haukuanzia Malindi. Huanzia nyanda za juu za karibu na Nairobi, huko wauita Athi. Ukifika chini huitwa Galana. Na kwetu ni Sabaki. Udongo wa mkulima wa bara huja kutua katika bahari ya mvuvi wa pwani. Na kando ya mto huo huo, hapo Baricho, huvutwa maji yanywewayo Malindi na Kilifi na Mombasa. Basi vipi sisi tutasema kuwa hatuna khabari na watu wa bara, nasi twanywa maji yao?

Ndugu zetu, tuseme kweli. Wengi wetu hatujui juu ya watu wa bara ila tuyasikiayo barazani, na wengi wao hawajui juu yetu ila wayaonayo wakija kuoga baharini. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya al-Hujurat, aya ya 13, ametubainishia kwamba ametufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mtukufu wetu ni mchaji Mungu zaidi. Kujuana hakupatikani kwa kukaa mbali. Mpandisheni mtoto gari la moshi. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani mwaka 1901, na katika kuijenga, mwaka 1898, simba wa Tsavo waliwala watu wengi miongoni mwa mafundi na wachukuzi. Khabari hiyo mtoto ataisikiliza pasipo kukohoa. Reli mpya ya kwenda Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na kutoka dirishani mwake, mkipita Tsavo, mara nyingi mtawaona tembo. Sura ya al-Fil ni katika sura za kwanza kuhifadhiwa na watoto wetu. Lakini wako wazee waliokufa hawajamwona tembo, nao waliishi nchi ya tembo.

Huko bara mwonyesheni vile vile ya kuwa dini yake haikuishia ufuoni. Nairobi pana msikiti wa Jamia uliomalizika kujengwa mwaka 1933. Na magharibi kabisa, mji wa Mumias, Uislamu ulifikishwa karne ya 19 na wafanya biashara wa pwani, na wamo Waislamu huko mpaka leo. Waliutia kwa miguu, ndugu zangu, mwendo wa miezi. Mwanao akisali Ijumaa pamoja na watu ambao lugha yao ya nyumbani siyo yake, akatoa salamu kuliani na kushotoni akaona nyuso asizozizoea, atakuwa amejifunza katika dakika moja jambo ambalo khatibu hulisema mwaka mzima.

Wala wasiokuwa Waislamu wasiachwe katika hesabu hii. Mtoto na aone jinsi mkulima wa Taita alimavyo mlimani, na mfugaji apitavyo na ng'ombe wake; na aone makaya ya ndugu zetu Wamijikenda, misitu waliyoihifadhi karne nyingi, iliyoingizwa katika turathi za ulimwengu mwaka 2008. Na aingiapo kwa watu aingie kwa adabu, asicheke desturi zao. Itikadi yetu twaijua, na heshima ya jirani ni katika dini hiyo hiyo.

UDHURU WA WASEMAO HATUWEZI

Atasema mmoja: Mimi ni maskini, safari ni ya matajiri. Twamjibu: Feri ya Likoni haimtozi nauli mtu wa miguu. Vukeni. Upande wa pili mkipata nauli ya matatu fikeni Diani, msikiti wa Kongo, hapo mto Mwachema uingiapo baharini. Ni msikiti wa karne nyingi uliozungukwa na mibuyu, na ungali ukisaliwa. Chukueni mkate na chupa ya chai, salini adhuhuri, tembeeni ufuoni wakati wa maji kupwa mkatazame viumbe vya Mwenyezi Mungu miambani, mrudi kabla ya magharibi. Hiyo ni safari, na thawabu yake kwa nia. Na wengi waliao umaskini hawakosi pesa za mirungi ya jioni. Wiki moja ya mirungi ni nauli ya baba na watoto wawili.

Atasema wa pili: Sina nafasi. Twamjibu: Ungeugua siku tatu ungelipata nafasi, na duka lingefungwa, wala dunia isingesimama. Toa siku tatu katika mwaka kabla ya kutolewa.

Atasema wa tatu: Mimi huwapeleka wangu Dubai. Hilo si haramu, na safari ya Umra ni bora kuliko zote kwa mwenye uwezo. Lakini mtoto ajuaye maduka ya Dubai wala asijue Gedi iko wapi, amefundishwa kwamba kila kizuri kiko kwa watu. Mwanzeni nyumbani, kisha mpelekeni mtakako.

Atasema wa nne: Magofu yale yana mashetani. Ndugu yetu, haya ndiyo yaliyotuharibia. Babu zetu walijenga misikiti wakamsujudia Mwenyezi Mungu mmoja, na wajukuu wao wakaacha misikiti ile kwa popo na hadithi za mashetani. Majini wapo kwa nassi ya Qur'ani, lakini mwenye kumtaja Mola wake hakimbizwi na kivuli cha mbuyu. Mtoto akiona nyuzi zimefungwa na uvumba umechomwa makaburini, mfahamisheni kwamba maiti aombewa wala haombwi. Mtume (rehema na amani zimshukie) ameruhusu kuzuru makaburi kwa kuwa hukumbusha akhera. Basi watoleeni salamu, waombeeni maghufira, mwondoke.

Na atasema wa tano: Nitamchukua mwanangu wa kiume, binti ana kazi gani njiani? Je, amri ya kutazama katika ardhi ilishuka kwa wanaume peke yao? Binti wa leo ndiye mama wa kesho, naye ndiye atakayewasimulia wajukuu zako khabari za kwao kabla hawajaweza kusoma. Akiwa mtupu, watakuwa watupu. Mchukueni pamoja na mama yake, kwa stara na hishima, na baba yake yuko naye; ni nani mlinzi bora kuliko huyo?

ADABU ZA SAFARI HII

Kwanza, nieni kheri, na mwanzoni someni dua ya safari kwa sauti, ili mtoto aihifadhi kwenu.

Pili, mfundisheni sala ya msafiri kwa kutenda. Katika madhehebu yetu safari halali ya marhala mbili, ambayo wanavyuoni wa zama hizi wameikadiria baina ya kilomita 80 na 90, yamruhusu mtu kupunguza adhuhuri, alasiri na isha ziwe rakaa mbili mbili, na kukusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha, akiisha kutoka nje ya majumba ya mji wake. Kutoka Mombasa mpaka Malindi ni kadiri ya kilomita 120, basi huko mwapunguza; Kilifi ni chini ya kadiri hiyo, basi huko mwatimiza. Mtoto akiisha kuyatenda haya mara moja hatayasahau.

Tatu, mfanyeni mmoja kuwa mkubwa wa safari, kwa kuwa Mtume ameamrisha hivyo wasafiri wakiwa watatu. Na siku moja mpeni ukubwa huo mtoto: ashike nauli, aulize njia, ajue wakati wa sala. Akikosea msimkaripie mbele za watu. Huko ndiko kuonja amana.

Nne, wekeni simu mifukoni, baba kabla ya mwana. Na chuo kisikatizwe: kila siku, ijapokuwa nusu ukurasa, na asome Qur'ani mlipo.

Tano, msing'oe jiwe, msichore jina katika ukuta wa msikiti wa kale, msitupe takataka. Ni wakfu wa waliokufa kwa wasiozaliwa bado.

Sita, msimchoshe mtoto kwa maneno. Mwacheni atazame, na akiuliza mjibuni. Na msilolijua, wakamateni wazee wa mahali hapo muwaulize, nanyi mkae kitako msikilize pamoja naye. Mtoto amwonapo baba yake akijifunza hupenda kujifunza.

Saba, msikawie kupita haja. Mtume ametwambia kwamba safari ni sehemu ya adhabu, humzuia mtu chakula chake na usingizi wake, na mwenye kwisha haja yake na aharakishe kurudi kwa watu wake. Na tabu hiyo yenyewe ina faida: njiani baba huona subira ya mwanawe na pupa yake, ukarimu wake na ubakhili wake, mambo ambayo nyumbani hayaonekani. Wengi wetu twajua bei ya kila kitu sokoni, wala hatujui mwana wetu huogopa nini.

KHATIMA

Ndugu zetu, tumalize kwa bishara. Mtume wetu (rehema na amani zimshukie) ametujulisha, kama alivyopokea Tirmidhi na wengineo, ya kwamba dua tatu hazina shaka kuitikiwa: dua ya aliyedhulumiwa, dua ya msafiri, na dua ya mzazi juu ya mwanawe. Basi tazameni fadhila iliyoje: baba aliye safarini na mwanawe amekusanya dua mbili katika hizo tatu. Mkifika chini ya ukuta wa msikiti wa kale, au ukingo wa chemchemi, au kiti cha gari la moshi usiku mtoto amelala juu ya bega lenu, inueni mikono hapo mmwombee. Huenda mlango ukawa wazi saa ile, na huenda usiwe wazi namna ile tena, kwa kuwa mtoto hukua, na bega halimtoshi.

Ewe Mola wetu, tujaalie katika wake zetu na watoto wetu kituliza macho. Wajaalie wawe wenye kuona ishara zako katika ardhi yako, wenye kuwakumbuka kwa kheri waliowatangulia, na wenye kukaa na jirani zao kwa uadilifu. Wahifadhi na kila kiharibucho akili na kila kiharibucho moyo. Nasi utuwezeshe kuitimiza amana kabla hatujaulizwa juu yake. Na umrehemu na umpe amani bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Amin.